Mbwa anachechemea wiki ya tatu, wote wanasema ametetereka tu ila moyo wangu unakataa

mamajeki, Jumatatu usiku

Habari wadau, poleni na majukumu. Naomba mnisaidie mawazo maana nyumbani kwangu nimebaki peke yangu kwenye hili jambo na sasa nimeanza kujiuliza labda mimi ndo mwenye tatizo.

Nina mbwa anaitwa Jeki, dume, miaka sita na nusu hivi, baba yake alikuwa wa aina ya jamani shepadi (German shepherd) mama yake mbwa wetu wa kawaida wa mtaani, mara ya mwisho kupimwa alikuwa na kilo 32. Tunakaa Kibaha huku ndani ndani, uwanja una ukuta na geti linafungwa, Jeki anafunguliwa saa tatu usiku na alfajiri anarudi bandani. Wiki tatu zilizopita nimetoka asubuhi kumpa chakula nikamkuta amesimama kwa miguu mitatu, mguu wa nyuma wa kushoto ameuinua, ncha za vidole ndo zinagusa chini kidogo kama mtu anayepima maji ya moto. Hana kidonda, hana damu, nilimpekua kidole kwa kidole kutafuta mwiba sikuona kitu. Na usiku ule hakuna aliyesikia kelele yoyote.

Tukamwita mtaalamu wa mifugo anayehudumia huku mtaani, akaja, akamshikashika akiwa amesimama vile vile, akasema ametetereka, akampiga sindano mbili, akachukua hela yake akaondoka. Kesho yake Jeki anakimbia kabisa mpaka nikaona aibu kwa nilivyohangaika. Siku ya nne mguu juu tena. Tukamwita tena, sindano zile zile, nafuu ya siku mbili, akarudi kule kule. Mara ya tatu nilipompigia akaniambia mama, mbwa ni mbwa, mwache apumzike atapona mwenyewe. Baba watoto naye anasema namdekeza, kwao Singida mbwa walikuwa wanavunjika kabisa na wanapona bila daktari.

Ila mimi huyu mbwa namjua jamani, nilimpokea akiwa anaenea kwenye ndoo ndogo. Zamani nikirudi na bodaboda alikuwa ananikuta getini kabla sijashuka, sasa ananitikisia mkia akiwa amelala pale pale barazani. Akikaa, ule mguu anautupa pembeni, haukunji chini yake kama mwingine. Usiku namsikia anahema kama ametoka kukimbia na hata joto hakuna. Na juzi nilivyompapasa mapaja nikahisi la kushoto ni jembamba kuliko la kulia, nikamwambia baba watoto naye apapase akasema haoni tofauti.

Kuna jingine linanitesa na nitaliandika hapa kwa kuwa hamnijui sura. Tuna kijana anatusaidia kazi za nje, ana miezi miwili kwetu, na yeye anawaogopa sana mbwa. Asubuhi ile yeye ndo aliamka wa kwanza. Nimemuuliza mara mbili kama alimpiga Jeki na fimbo au jiwe, anaapa hajamgusa, lakini moyo wangu unaniambia anajua kitu. Siku hizi hata kumsalimia naona tabu.

Sasa niambieni, nipambane nimpeleke mbali akapigwe eksirei au nimwache kama wanavyosema? Na nyie mnajuaje kama ni moyo unasema kweli au ni woga tu?

---

kitengela_mashariki, Jumatatu usiku

Pole sana mama Jeki. Nakuandikia kutoka Kenya, na nimesoma yako mara mbili kwa sababu hayo maneno ya "ametetereka" mimi yalinigharimu.

Nilikuwa na boaboeli, mbwa wa karibu kilo 60, anaitwa Bruno, alikuwa anaingia mwaka wa nane. Akaanza kuchechemea mguu wa mbele wa kulia, kidogo tu, asubuhi akiamka halafu ukimtembeza anachangamka. Nikaambiwa ameteguka, akapewa dawa ya maumivu, akapata nafuu. Mke wangu ndiye alikuwa anamlisha, akaniambia pale juu kidogo ya kifundo cha mguu wake wa mbele kuna kitu kigumu, si uvimbe wa maji, kigumu kama mfupa. Mimi nikamjibu daktari ameshamwona. Akaniambia tena wiki iliyofuata. Nikamjibu vile vile. Zikapita wiki sita nzima.

Siku nilipompeleka Kabete, kule chuo kikuu wanakofundisha madaktari wa mifugo, walipoiweka ile picha kwenye mwanga mimi ambaye sijasoma chochote niliona. Mfupa ulikuwa umeliwa, kama ubao ulioingiliwa na mchwa. Saratani ya mfupa. Walinieleza kwamba kwa mbwa wakubwa inapenda sana kukaa pale karibu na kifundo cha mguu wa mbele au juu karibu na bega, na kwa miguu ya nyuma inapenda karibu na goti, na mwanzo wake ni huo huo wa kuchechemea ambao kila mtu anauita kuteguka. Siku chache baadaye mfupa ukavunjika wenyewe akishuka kwenye pikapu, kimo cha kawaida ambacho alikuwa anaruka kila siku. Tukamwomba daktari ampumzishe kwa sindano.

Sikuambii haya ili nikutie hofu, Jeki wako huenda ana kitu kidogo kabisa. Nakuambia kwa sababu mke wangu alikuwa amejua wiki sita kabla yangu, kwa mkono wake, na hakuna aliyemsikiliza, hasa mimi. Mtu anayemwekea mbwa chakula kila siku ana vipimo ambavyo daktari wa dakika tano hawezi kuwa navyo. Kampige eksirei.

---

mkulima_chanika, Jumanne asubuhi

Dada pole, na kaka wa Kenya pole kwa Bruno.

Mimi naomba niongee upande mwingine kidogo, sio kukupinga. Miaka mitatu nyuma mbwa wangu wa kulinda mabanda ya kuku alianza kuchechemea, leo mguu wa mbele, baada ya siku nne mguu wa nyuma, halafu anakataa kula. Moyo wangu ukaniambia jirani kamtegea sumu maana tulikuwa na ugomvi wa mpaka, na nikauamini moyo wangu asilimia mia, nikaenda mpaka serikali ya mtaa nikamshtaki mzee wa watu, tukagombana hadharani mbele ya watoto wake. Siku ya kumpeleka mbwa kwa daktari akampima joto, liko juu, akamfungua mdomo fizi nyeupe, akamgeuza masikio akaonyesha kupe waliojazana ndani kama kunde. Akachukua damu. Ugonjwa wa kupe. Unaingia mpaka kwenye maungio yanavimba na kuuma, ndo maana alikuwa anahama mguu. Akapewa doksi (antibayotiki) za wiki nne na maagizo kuwa nisikatishe hata akionekana mzima. Akapona.

Kwa hiyo moyo wangu ulikuwa sahihi kwamba yule mbwa anaumwa kweli, lakini kuhusu nani na kwa nini ulinidanganya wote, na yule mzee mpaka leo tunasalimiana kwa mbali. Ndo maana nakuambia mguu wa Jeki ufuatilie kwa nguvu zako zote, ila huyo kijana mpe nafasi. Mtoto wa watu yuko mbali na kwao.

Halafu mwangalie kupe, ndani ya masikio na katikati ya vidole.

---

anko_bahati, Jumanne mchana

Mnamtisha dada wa watu bure. Wangu alichechemea mwezi mzima, nilimvunjia nusu ya kidonge cha diklofenaki kwenye ugali asubuhi na jioni siku tano, akakaa sawa. Mpe na umkande maji ya chumvi.

---

dkt_nyanda_za_juu, Jumanne jioni

Anko Bahati samahani, nitaanza na wewe kabla ya yote maana hili haliwezi kusubiri. Wasomaji wote naomba msimpe mbwa diklofenaki. Wala brufeni, wala panado kwa kukadiria. Tumbo, figo na ini vya mbwa haviwezi kuhimili hizi dawa kama vya kwetu, anaweza kutoboka tumbo, akatapika damu, akajisaidia choo cheusi kama lami, figo zikafa, na haya yakitokea mguu hakuna atakayeukumbuka. Wako alinusurika na nashukuru alinusurika. Mimi nimewapokea ambao hawakunusurika, waliopewa na watu wanaowapenda.

Mamajeki, mimi ni daktari wa mifugo, niko Nyanda za Juu Kusini, na kwa mtandaoni siwezi kusema mbwa wako ana nini, ila naweza kukuambia ninachokisikia kwenye maelezo yako, na maelezo yako ni mazuri kuliko ya wengi wanaokuja na mbwa mkononi.

La kwanza ni zile sindano. Mbwa aliyekuwa na mguu juu kesho yake anakimbia kabisa, halafu baada ya siku chache anarudi kulekule, mara mbili mfululizo, mimi hapo nahisi moja ya zile sindano ilikuwa deksa. Deksa inashusha uvimbe na maumivu haraka sana, haitibu kilichoharibika ndani. Mbwa hajui kuwa ameumia, anajua tu hasikii maumivu, kwa hiyo anaruka na anaendelea kuharibu. Mpigie huyo mtaalamu umuulize kwa upole jina la dawa na tarehe alizochoma, uandike, kwa sababu daktari atakayefuata hawezi kumwanzishia dawa nyingine ya maumivu, hata zile za mbwa kama meloksikamu, bila kujua deksa iliingia lini. Zikikutana mwilini tumbo linaumia vibaya.

La pili ni kupungua paja. Msuli ukiwa hautumiki unaanza kuisha ndani ya wiki mbili tatu tu. Mbwa anayedeka hapunguzi paja. Chukua tepu ya fundi cherehani, msimamishe Jeki, zungusha pale juu kabisa ya paja karibu na kinena, soma, halafu upande wa pili kimo kile kile, na urudie mara tatu maana manyoya yanadanganya. Ukipata tofauti ya sentimita kadhaa nenda nayo kwa daktari imeandikwa, hakuna atakayekuambia una woga tena.

La tatu ni kukaa. Huo ukaaji wa kutupa mguu pembeni unanifanya niliwazie goti kabla ya kingine chochote. Ndani ya goti la mbwa kuna kano inayozuia mfupa wa chini usiteleze kwenda mbele, ni ile ile inayowaweka wachezaji wa mpira nje miezi na miezi. Ikichanika mbwa anasimama kwa ncha za vidole hivyo hivyo ulivyoandika, na akikaa hapendi kulikunja goti. Namna ya kuijua ni kumlaza mbwa ubavu, tena mara nyingi kwa dawa ya usingizi kidogo, kwa sababu mbwa wa kilo 32 mwenye maumivu na woga anakaza misuli mpaka goti bovu linaonekana zima. Mtu akimpima akiwa amesimama getini anaweza asiambulie kitu, na sisemi hivyo kumtukana mwenzangu, hali za kazi zetu mnazijua.

Lakini kwa umri wake na ukubwa wake sitaki mtu aishie kwenye goti bila kuangalia mfupa, alichokiandika ndugu wa Kitengela ni kweli tupu. Angekuwa na miezi nane ningesema labda ni maumivu ya mifupa ya kukua, yanawapata sana jamani shepadi wadogo na yanahama miguu kisha yanaisha yenyewe. Kwa miaka sita siwezi kusema hivyo.

Kesho asubuhi kabla jua halijakali mpige vidio. Mtu mmoja amtembeze kwa kamba taratibu, sio kukimbia, mwingine apige akiwa nyuma yake, halafu ubavuni, kila upande. Itazame polepole. Mbwa anayeumwa mguu wa nyuma anakinyanyua kiuno upande ule ule unaouma kila akikanyaga. Akiumwa wa mbele ni kichwa kinachopanda pale mguu mbovu unapogusa chini. Hii vidio ina maana kubwa kwa sababu mbwa wengi wakifika kliniki, kwa woga tu, wanatembea wazima kabisa, halafu mwenye mbwa ndo anaonekana mwongo.

Na kuna hali ambazo hutakiwi kusubiri hata kesho. Mguu unaning'inia, au vidole vimekuwa vya baridi, au uvimbe unapanda saa kwa saa (huku kwetu hapo nafikiria nyoka, hasa kifutu), au fizi zimekuwa nyeupe, au miguu yote miwili ya nyuma inalegea. Na mkikuta alama ya meno ambayo hamjui imetoka wapi, hapo lazima tuongee kichaa cha mbwa, muulizwe chanjo yake ya mwisho ni lini na kila aliyemshika mdomoni aoshe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima kisha aende hospitali bila kuchelewa. Jeki anachanjwa?

Kwa Kibaha, Morogoro sio mbali, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) wana hospitali ya wanyama ambayo ndiko wanafunzi wetu wanajifunzia, eksirei ipo.

---

mamajeki, Jumanne usiku

Daktari Mungu akubariki, nimesoma nikalia. Ndiyo anachanjwa, ya mwisho ilikuwa mwaka huu huu kwenye kampeni, kadi ninayo.

Nimempigia yule mtaalamu, kwanza alikasirika, baadaye akanitajia, ni deksa kweli pamoja na antibayotiki, ya mwisho alichoma siku tisa zilizopita. Nimeandika.

Na nikiri hapa hapa, baba watoto jana alikuwa ameshanunua diklofenaki duka la dawa, vidonge viko juu ya friji, alisema tumpe leo usiku. Nimemsomea ulichoandika kwa sauti akiwa anakula. Hakusema neno, akainuka akavitoa pale juu akaviweka kwenye droo yake ya dawa za mgongo.

Kesho napiga vidio.

---

mkulima_chanika, Jumatano asubuhi

Hapo safi dada. Tepu imesemaje?

---

mamajeki, Jumatano mchana

Kulia 41, kushoto 36. Nimepima mara tatu, mara moja nilipata 37 lakini mbili 36. Na safari hii nilimwita baba watoto aishike tepu mwenyewe. Akakaa kimya muda halafu akaniuliza nauli ya kirikuu mpaka Morogoro inaweza kuwa shilingi ngapi.

Vidio nayo imeonyesha, ukiitazama polepole kiuno cha kushoto kinaruka juu kila hatua. Mimi nilikuwa naona tu kuwa "hatembei vizuri", sikuwa najua ninachokiona ni nini.

---

kitengela_mashariki, Jumatano jioni

Mnapomsafirisha mtandikieni godoro kuukuu au magunia kadhaa asiteleze kwenye bati la gari. Na msimpe chakula usiku wa kuamkia, maji kidogo tu, maana wakitaka kumlaza kwa dawa na ana tumbo limejaa watawarudisha. Pigeni simu kabla muulize wanataka afunge kuanzia saa ngapi.

---

mamajeki, Ijumaa usiku

Wadau tumerudi. Nimechoka ila sitalala bila kuandika.

Tuliondoka saa kumi usiku, nikakaa nyuma na Jeki kichwa chake kiko mapajani kwangu mpaka Morogoro. Pale nilitoa karatasi yangu, tarehe za sindano, vipimo vya tepu, nikawaonyesha na vidio, na kweli kama daktari alivyosema, Jeki aliposhuka garini alitembea karibu mzima! Bila ile vidio nadhani ningeanza kujitetea.

Walimchoma dawa ya usingizi akalegea, daktari akashika paja kwa mkono mmoja na mfupa wa chini kwa mwingine akausukuma, ukateleza mbele kama droo ya kabati inavyofunguka. Akafanya na mguu mzima nikaona tofauti, ule hausogei. Akaniambia nishike mwenyewe nikashika. Sitasahau. Eksirei ikaonyesha mifupa mizima kabisa, hakuna kilicholiwa (kaka wa Kitengela nilikukumbuka wewe na Bruno dakika ile ile), ila ndani ya goti maji yamejaa, na pembeni ya goti mfupa umeanza kuota vinundu vidogo. Kano imekatika.

Sasa sikilizeni sehemu iliyonivunja. Nilimuuliza daktari, inawezekana alipigwa na kitu, jiwe au fimbo? Akasema vile vinundu haviwezi kuota kwa wiki tatu, vinachukua muda, goti hili limekuwa likiharibika miezi. Akanieleza kwamba kwa mbwa hii kano mara nyingi haikatiki kwa ajali kama kwa wacheza mpira, inachakaa yenyewe taratibu kama kamba ya kisimani, uzi mmoja mmoja, halafu siku moja mbwa anageuka tu kumfukuza paka na ule uzi wa mwisho unaachia. Hakuna kelele, hakuna kidonda. Akaniuliza kama miezi ya nyuma hajawahi kuwa mzito kuamka asubuhi, nikakumbuka, kipindi cha masika alikuwa anajinyoosha sana kabla ya kutembea nikasema ni baridi.

Kwa hiyo kijana wangu hakumgusa. Wiki tatu nzima nimeishi na mtoto wa mwenzangu ndani ya uwanja mmoja namwona kama mwovu, na alikuwa ananiambia kweli. Kuhusu mguu nilipapasa mguu wenyewe, niliona kwa macho na mikono yangu. Kuhusu yeye sikuona chochote, nilitaka tu pawe na mtu wa kulaumu. Tulipofika nyumbani nilimwita nikamwambia mbele ya baba watoto kuwa nilikosea na nikamwomba radhi. Akasema hamna shida mama, akaangalia chini. Sijui kama hamna shida kweli.

Kuhusu matibabu, wamesema mbwa mdogo wa chini ya kilo 15 hivi wanaweza kumpumzisha tu na akakaa sawa, ila kwa uzito wa Jeki wanashauri upasuaji, wanapitisha uzi mgumu wa nailoni nje ya goti ushike kazi ya kano, halafu wiki nane mpaka kumi na mbili bila kuruka wala kukimbia. Na wameonya kuwa mbwa wengi wakishaumia goti moja la pili nalo huja kufuata, kwa hiyo apungue kilo nne na ugali upunguzwe. Upasuaji tumepangiwa mwisho wa mwezi, hela tunaitafuta, baba watoto amesema yeye atauza ile baiskeli. Kwa sasa wamempa dawa ya maumivu ya mbwa kwa uzito wake, baada ya kuhesabu zile siku za deksa.

Swali langu sasa: mbwa aliyezoea uwanja mzima unamtulizaje sehemu moja mpaka mwisho wa mwezi? Leo tu ameshajaribu kuruka ngazi.

---

dkt_nyanda_za_juu, Jumamosi asubuhi

Nimefurahi sana kusikia mifupa ni mizima. Mfungie eneo dogo, kama mita mbili kwa mbili, lisiwe na kitu cha kurukia. Asifunguliwe usiku hata wezi wakija, ulinzi apewe mwingine. Kujisaidia atoke na kamba fupi, dakika tano, arudi. Kama sakafu ni ya marumaru au saruji iliyosuguliwa tandika magunia, kuteleza mara moja kunaweza kuchana na kile kisahani laini kilichobaki ndani ya goti. Mkisikia goti linalia kama kidole kinachoalishwa mwambieni daktari kabla ya upasuaji. Na mpe kitu salama cha kutafuna, sio mfupa, kichwa chake nacho kinahitaji kazi.

---

kitengela_mashariki, Jumamosi asubuhi

Nimemsomea mke wangu uzi wote huu. Amesema nikuambie asante kwa kupima paja.

---

mamajeki, Jumamosi jioni

Mwambie nashukuru sana, na pole yake.

Eneo limepatikana. Kijana alinisikia naongea na baba watoto kuhusu mita mbili kwa mbili, saa nane nimetoka nikamkuta anapigilia zile mbao za paleti zilizokuwa nyuma ya tangi, uzio mdogo pale chini ya mwembe, mlango ameuwekea bawaba za kabati bovu. Ametandika magunia. Jeki yuko ndani sasa hivi na kijana amekaa upande wa nje, mbali kidogo, bado anamwogopa, lakini amekaa.